BOLTI ILIYOGANDA: SOMO LA KUTAFUTA SABABU KABLA YA KUTUMIA NGUVU

Utangulizi

Kati ya kazi ambazo mwenye gari huweza kuzifanya mwenyewe nyumbani, kufungua bolti ndiyo ya kwanza na ndiyo ya mwisho. Hakuna kiungo kitakachotolewa pasipo kufungua bolti au nati, wala hakuna kitakachorudishwa pasipo kuikaza. Kwa hiyo bolti moja iliyoganda huweza kusimamisha kazi nzima. Mtu aliyekusudia kubadili bomba la moshi kwa asubuhi moja hujikuta jioni ameshika kichwa cha bolti mkononi, na mwili wake umebaki ndani ya injini. Kama yuko mjini, atamwita fundi. Kama anafundisha katika shule iliyo mbali na gereji, gari lake limekwisha kuwa banda la kuku.

Makala haya yana makusudi mawili. Kusudi la kwanza ni kueleza kwa nini bolti huganda na namna ya kuifungua bila kuivunja. La pili ni kuonyesha jinsi mwalimu wa shule ya msingi anavyoweza kulitumia jambo hilo kufundishia Sayansi, hasa sehemu ya mashine rahisi, msuguano, kutu na kutanuka kwa vitu kwa joto.

Kanuni inayounganisha makusudi hayo mawili ni hii: hatua za kufungua bolti hupangwa kuanzia ile inayoweza kurudishwa nyuma hadi ile isiyorudishika. Mwanafunzi anayekariri hatua bila kanuni hii atazichanganya siku atakapozihitaji. Anayeielewa kanuni ataweza kuzipanga mwenyewe, hata kwa bolti ambayo hajapata kuiona.

Bolti hushika kwa njia gani?

Mwalimu asianze na bolti iliyoganda kabla wanafunzi hawajaelewa bolti nzima inavyofanya kazi. Kata karatasi katika umbo la pembetatu mraba, uizungushe kwenye penseli. Ukingo wa mshazari utaonekana ukipanda kwa kuzunguka penseli. Hiyo ndiyo hesi, yaani ule mfuo unaozunguka mwili wa bolti, ambao baadhi ya mafundi huuita uzi. Hesi basi ni mteremko uliozungushwa. Mwanafunzi anayejua kwamba pipa ni rahisi kulipandisha kwenye lori kwa ubao wa mshazari kuliko kulibeba wima, amekwisha kuelewa nusu ya jambo lenyewe.

Nusu ya pili ni wenzo. Tuchukue bolti ya kawaida yenye unene wa milimita 10. Hesi zake zimepishana kwa milimita 1.5, ikizungushwa mara moja, husogea milimita 1.5 tu. Lakini mkono ulioshika mwisho wa spana yenye urefu wa sentimita 20 umesafiri mita 1.26 hivi katika mzunguko huo huo. Mkono umekwenda zaidi ya mara 800 ya mwendo wa bolti. Hivyo ndivyo mtoto wa darasa la tano anavyoweza kubana vipande viwili vya chuma kwa kani ambayo hawezi kabisa kuitoa kwa viganja vyake.

Bolti iliyokazwa hurefuka kidogo sana, kama springi ngumu, na hutaka kurudi katika urefu wake. Kurudi huko ndiko kunakobana vipande pamoja. Kinachoizuia isijifungue ni msuguano. Wahandisi hukadiria kwamba katika kila sehemu 100 za juhudi ya kukaza, kama 50 hushindana na msuguano wa chini ya kichwa, 40 hushindana na msuguano wa hesi, na 10 tu ndizo zinazoivuta bolti. Tarakimu hizi hubadilika kwa mafuta na kwa hali ya chuma, lakini fundisho lake ni kubwa. Anayefungua bolti hashindani na chuma; anashindana na msuguano. Basi kazi yake ni kuupunguza msuguano huo, na kuongeza nguvu ni jambo la baadaye.

Ni vyema pia wanafunzi wajue kwamba bolti hazikufanana tangu awali. Zamani kila karakana ilichonga hesi za kwake, na nati ya karakana moja haikuingia katika bolti ya nyingine. Mwaka 1841 mhandisi Joseph Whitworth wa Uingereza alipendekeza kipimo kimoja cha hesi kwa wote. Magari ya zamani ya Kiingereza yalitumia vipimo vya inchi, na magari ya Kijapani, ambayo ndiyo mengi katika barabara zetu, hutumia milimita. Mchanganyiko huo una madhara yake, kama tutakavyoona.

Kwa nini bolti huganda?

Sababu ya kwanza ni kutu. Chuma kikikutana na maji na oksijeni ya hewani hugeuka kuwa kutu. Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile iliyochukuliwa na chuma kilichoizaa. Ndani ya hesi hakuna nafasi ya ziada. Kwa hiyo kutu hujisokota na kubana kama kabari iliyopigwa kila upande. Katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Unguja hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu chumvi huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi na kuharakisha kutu.

Sababu ya pili ni kukutana kwa metali mbili tofauti. Injini nyingi za siku hizi zina sehemu za alumini, na bolti zake ni za chuma cha pua. Maji yenye chumvi yakiingia kati yake, metali hizo hufanya kazi kama betri ndogo: alumini huliwa, na unga mweupe hujaa katika hesi na kuziba.

Sababu ya tatu ni joto. Bolti na nati za bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi, hupashwa joto kali na kupoa kila siku, na wakati wa masika hurushiwa maji na matope zikiwa za moto. Ndiyo maana hizo huwa za kwanza kuganda katika gari lolote.

Sababu ya nne ni mkono wa binadamu. Bolti iliyokazwa kupita kiasi, au iliyoanzishwa upande hata hesi zikapandana, itakataa kufunguka ingawa haina kutu hata chembe.

Sababu ya tano si kuganda bali ni kukosea upande. Bolti nyingi hufunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, kwa mtu anayekitazama kichwa chake. Anayelala chini ya gari na kupeleka mkono nyuma ya kiungo hukitazama kichwa kutoka nyuma, na upande hugeuka. Zaidi ya hayo, ziko hesi za mkono wa kushoto. Mfano ulio karibu na kila shule ni pedali ya kushoto ya baiskeli, ambayo hufunguka kwa mwendo wa saa. Mtu asiyejua hayo huikaza kwa nguvu zake zote huku akidhani anaifungua.

Ngazi ya hatua

Kabla ya kila hatua, anayefanya kazi ajiulize: "Hatua hii ikishindikana, nitabakiwa na nini?" Jibu la swali hilo ndilo linalopanga ngazi ifuatayo.

1. Kutazama. Tambua ni bolti au nati, inazunguka upande gani, ni metali gani imeshikana na ipi, na kama mwisho wake umetokeza upande wa pili. Hatua hii ikishindikana, hakuna kilichopotea.

2. Kusafisha. Sugua hesi zilizo wazi kwa brashi ya waya. Matope na kutu vilivyobaki kwenye hesi za nje vitaizuia nati mara itakapoanza kusogea. Safisha pia kichwa ili spana ikae hadi chini.

3. Kuchagua spana. Spana ya pete au ya boksi hushika pembe zote za kichwa. Spana ya mdomo hushika pande mbili tu na huelekea kuchomoka. Hapa ndipo mchanganyiko wa inchi na milimita unapodhuru. Kichwa cha nusu inchi kina upana wa milimita 12.7. Spana namba 13 itaingia, na mwanafunzi atafurahi. Lakini kile kipengele cha milimita 0.3 kinatosha kuzilaza pembe za kichwa kilichoganda. Kichwa kikilika pembe, tumepoteza mahali pa kushika, na hatua zote zinazofuata zimekuwa ngumu maradufu.

4. Kupenyeza mafuta. Mafuta mepesi hupenya katika nafasi nyembamba kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi wa kibatari. Yapo mafuta maalumu ya kopo kwa kazi hii. Pasipo hayo, mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta kidogo ya injini hufaa. Mafuta mazito peke yake hayapenyi. Jambo ambalo wengi hawalipi mafuta ni muda. Paka jioni, rudia asubuhi, ndipo ujaribu. Saa 12 za kungoja hazigharimu kitu.

5. Kugonga. Kutu ni ngumu lakini huvunjika upesi, kama chungu. Gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, mapigo ya wastani, moja kwa moja kuelekea mwilini mwake. Mapigo huipasua kutu na kuyafungulia mafuta njia. Usigonge ncha ya bolti iliyo wazi bila kuikinga, maana hesi zitalala na nati haitapita.

6. Kukaza kidogo, kisha kufungua. Watu hushangaa wakiambiwa waanze kwa kukaza. Kusudi ni kuuvunja mshiko wa kutu kwa mwendo mdogo sana. Bolti ikisogea japo kidogo, usiifungue kwa mkupuo. Nenda mbele robo mzunguko, rudi nyuma kidogo, ongeza mafuta. Unga wa kutu ukiachwa usongamane, utaigandisha tena katikati ya safari, na bolti nyingi hukatika hapo, baada ya mwenyewe kudhani kwamba ameshinda.

7. Joto. Pasha nati au chuma kilichoizunguka bolti, wala si bolti yenyewe. Wanafunzi wengi hudhani kwamba chuma kikitanuka tundu lake hupungua. Sivyo, tundu hupanuka pamoja na chuma. Mama anayemwagia maji moto mfuniko wa chupa uliokwama huijua kanuni hii, hata kama hajasoma Fizikia. Chuma cha pua hutanuka kwa kiasi cha sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Tundu la milimita 10 likipata joto la nyuzi 200 zaidi hupanuka kwa milimita 0.024, yaani chini ya nusu ya unene wa unywele. Ni kiasi kidogo, lakini chatosha kuupasua mshiko wa kutu. Mafundi wengine hugusisha mshumaa kwenye hesi zilizopashwa; nta huyeyuka, hupenya na kulainisha. Hatua hii yaweza kuunguza raba, rangi na nyaya zilizo karibu, na hizo hazirudi.

8. Kuongeza urefu wa spana. Hii ndiyo hatua ambayo wengi huanza nayo, na hapa ndipo hesabu inapohitajika. Kani ya nyutoni 200 kwenye spana ya mita 0.25 hutoa nyutoni mita 50. Ukichomeka bomba, urefu ukawa mita 0.75, kani hiyo hiyo hutoa nyutoni mita 150. Bolti ya milimita 8 yenye alama ya 8.8 hukazwa kwa nyutoni mita 25 hivi. Mtu aliyeweka bomba juu ya bolti hiyo hafungui tena. Anaikata, na hatapata hata muda wa kuhisi kwamba inakatika. Bomba lifae tu kwa bolti nene, baada ya hatua saba za kwanza kupitiwa.

9. Kuharibu kwa makusudi. Ikiwa yote yameshindikana, nati hupasuliwa kwa patasi au hukatwa kwa msumeno wa chuma, na bolti mpya hutiwa. Hasara ni ya nati tu, nayo ni bei ndogo. Bolti ikikatika ndani ya tundu, alama hupigwa kwa panchi katikati yake kabisa, ikatobolewa kwa keekee na mabaki yakatolewa. Kama hesi zimeharibika, huchongwa upya. Kanuni ya kupata tundu la kuchongea ni kutoa nafasi ya hesi katika unene: bolti ya milimita 8 yenye hesi zilizopishana kwa milimita 1.25 huhitaji tundu la milimita 6.75, na kwa kawaida hutumika ncha ya keekee ya milimita 6.8. Ni hesabu ya kutoa ya darasa la tano, iliyopata kazi.

Baada ya kufungua, usisahau kurudisha. Safisha hesi na upake mafuta au grisi kidogo mahali panaporuhusiwa. Lakini nati za magurudumu ya magari mengi hukazwa zikiwa kavu. Mwanafunzi aliyekumbuka zile sehemu 50, 40 na 10 ataweza kueleza sababu: mafuta yakipunguza msuguano, juhudi ile ile itaivuta bolti zaidi ya ilivyokusudiwa.

Usalama

Katika kazi hii mwalimu hana ruhusa ya kusamehe. Gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake lisiingiwe chini hata kwa dakika moja. Liwekwe juu ya stendi imara au magogo mapana, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa kabari. Matofali ya saruji yasitumike, kwa kuwa hupasuka ghafla yakilemewa. Miwani ivaliwe wakati wa kugonga, kukata na kutoboa. Spana ivutwe kuelekea mwilini, isisukumwe. Ikibidi kusukumwa, kiganja kiwe wazi, ili vifundo vya vidole visigonge chuma inapochomoka. Moto usitumike karibu na tangi la petroli, mabomba ya mafuta au ya breki, wala mahali palipolowa mafuta ya taa ambayo hayajafutwa.

Kwa wanafunzi wa shule ya msingi, hatua ya 7 na ya 9 zionyeshwe na mwalimu au fundi mwalikwa, nao watazame wakiwa mbali. Wala hawana sababu ya kuingia chini ya gari. Somo linalofuata halihitaji gari hata kidogo.

Kuandaa somo: kupima kutu kwa maji

Shule nyingi hazina kipimo cha mkazo wa bolti. Hata hivyo, kila shule ina ndoo na chupa ya lita moja, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1, ambao huvuta kwa kani ya nyutoni 10 hivi. Vifaa hivyo vinatosha.

Vifaa: bolti 12 na nati zake za milimita 10, zenye ukubwa mmoja na zilizonunuliwa pamoja, vipande vya chuma bapa vyenye tundu, spana ya pete, jiliwa la kubania bolti, ndoo, kamba, chumvi na mafuta ya taa.

Matayarisho, wiki tatu kabla ya somo: pitisha kila bolti katika vipande viwili vya chuma bapa. Ibane kwenye jiliwa, spana ikae mlalo, uning'inize ndoo sentimita 20 kutoka katikati ya nati. Kaza nati zote kwa mzigo mmoja, tuseme kilo 7 pamoja na uzito wa ndoo. Bolti 3 zihifadhiwe mahali pakavu zikiwa zimepakwa mafuta. Bolti 9 zimwagiwe maji ya chumvi kila siku na kuachwa zikauke. Kazi hiyo waifanye wanafunzi kwa zamu, na waandike wanachokiona kila siku ya tatu.

Jioni ya kuamkia somo: katika zile 9 zenye kutu, 3 zisiguswe, 3 zipakwe mafuta, na 3 zipakwe mafuta kisha zigongwe mapigo kumi ya nyundo yanayolingana. Sasa kuna makundi manne, na kila kundi lina bolti tatu. Waulize wanafunzi kwa nini tatu na si moja. Bolti moja yaweza kudanganya. Tatu hudanganya kwa shida.

Somo lenyewe, vipindi viwili vya dakika 40: ndoo ining'inizwe upande wa kufungua, spana ikiwa mlalo, na maji yamiminwe kwa nusu lita nusu lita. Ndoo ininginie karibu kabisa na ardhi, na miguu ikae mbali. Maji yanayohitajika hadi nati isogee yaandikwe kwenye jedwali. Jumla ya uzito ikifika kilo 15, acheni, na muandike "haikufunguka". Kuendelea kutaweza kukata bolti.

Kabla ya kumimina, kila kikundi kiandike makisio yake. Wengi watakisia kwamba nati isiyo na kutu itafunguka kwa kilo 7 zile zile. Kwa kawaida huhitaji pungufu kidogo, kwa sababu mteremko wa hesi uliopandwa wakati wa kukaza hushukwa wakati wa kufungua. Mtoto aliyewahi kusukuma baiskeli kwenye kilima ataweza kulieleza hilo akiongozwa.

Ikiwa muda unaruhusu, bolti moja ipimwe ndoo ikiwa sentimita 20, na nyingine ya kundi lile lile ikiwa sentimita 40. Wanafunzi wataona kwa macho yao kwamba urefu ukiongezeka maradufu, maji yanayohitajika hukaribia nusu. Mara nyingi kanuni ya wenzo huandikwa ubaoni na kufutwa. Hapa imebaki ndani ya ndoo.

Mambo ya kuangaliwa na mwalimu

Jambo la kwanza: matokeo yasilazimishwe. Huenda bolti moja iliyopakwa mafuta ikakataa, na moja isiyopakwa ikafunguka. Mwalimu mchanga hushawishika kuificha tarakimu hiyo ili jedwali lipendeze. Akifanya hivyo, amewafundisha wanafunzi kwamba Sayansi ni kukubaliana na mwalimu. Iandikwe kama ilivyo, kisha iulizwe: je, nati hiyo ilikaa mahali palipolowa zaidi? Je, mafuta yalifika kwenye hesi, au yaliishia juu? Swali linalotoka kwenye tarakimu mbaya mara nyingi ndilo somo bora la siku.

Jambo la pili: mwanafunzi mwenye nguvu asiachiwe kutawala kikundi. Katika mazoezi ya karakana huonekana mara kwa mara kijana mmoja akishika spana na wengine wakimshangilia, hasa wasichana wakiachwa kushika daftari. Ndoo ya maji huiondoa hali hiyo, kwa kuwa haijali aliyeimimina. Tena huonyesha wazi kwamba aliyengoja mafuta yapenye usiku kucha amefanya kazi kubwa kuliko aliyekunja misuli.

Jambo la tatu: hatua zisitolewe kama orodha ya kukariri. Andika hatua tisa kwenye vipande tisa vya karatasi, uvichanganye, uvipe vikundi wavipange wenyewe kwa kutumia lile swali: "Ikishindikana, nitabakiwa na nini?" Vikundi vitatofautiana, hasa kuhusu joto na bomba. Waache wajadiliane. Kikundi kinachoweza kutetea mpangilio wake kwa sababu kimeelewa, hata kama kimeweka hatua ya sita kabla ya ya tano.

Hitimisho

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini bolti inatudai zaidi ya subira. Mtu aweza kungoja siku tatu, kisha akaikata bolti kwa kuizungushia upande usio wake. Inayotakiwa ni subira inayouliza: kinachoshika hapa ni nini, na njia ndogo kabisa ya kukilegeza ni ipi? Mwanafunzi akizoea kuuliza hivyo mbele ya nati ya kilo chache za maji, ataweza kuuliza hivyo mbele ya pampu ya kijiji iliyokwama, cherehani ya mama yake, au gari lake mwenyewe siku atakapolipata. Nati iliyokatwa hununuliwa dukani. Tabia ya kukimbilia nguvu, ikishajengwa utotoni, ni ngumu kung'oa kuliko bolti yoyote.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Eleza kwa nini nati ipashwe joto wala si bolti. Tayarisha onyesho moja la kuliondoa darasani wazo kwamba tundu hupungua chuma kinapotanuka.

2. Spana ina urefu wa sentimita 30 na kani ni nyutoni 180. Tafuta nyutoni mita zinazopatikana, kisha useme kama unaweza kuitumia bila hofu kwa bolti ya milimita 8 yenye alama ya 8.8.

3. Tengeneza andalio la somo la dakika 40 kuhusu pedali mbili za baiskeli. Onyesha maswali matatu utakayouliza kabla ya mwanafunzi yeyote kushika spana.

4. Chagua kazi nyingine ya nyumbani ambamo watu huanza na nguvu. Panga hatua zake kuanzia inayorudishika hadi isiyorudishika, na utetee mpangilio wako mbele ya wenzako.